Jinsi ya Kufaulu Somo la Kwanza la Kalkulasi Chuoni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila muhula, jaribio la kwanza la kalkulasi, yaani hesabu za jinsi vitu vinavyobadilika, likisharudishwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hunijia na karatasi zao wakiwa na lalamiko moja: "Darasani nilielewa, nyumbani nilisoma, lakini kwenye karatasi nikakwama." Nimepitia karatasi za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na ninaweza kusema bila kusita kwamba wengi wao hawakuangushwa na kalkulasi. Waliangushwa na aljebra ya sekondari, na mazoea ya kusoma suluhisho la swali badala ya kulifanya swali lenyewe.

Mwongozo huu unamhusu aliyeingia chuo kusomea uhandisi, kompyuta, uchumi, uhasibu au ualimu wa sayansi, akakuta kalkulasi imo kwenye orodha ya masomo ya lazima. Huenda ulisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), huenda ulifanya BAM tu, ile hisabati ya msingi, kama somo la nyongeza, huenda umetoka na KCSE, mtihani wa sekondari wa Kenya, ambako kalkulasi inaguswa kidogo mwishoni mwa kidato cha nne, au umepitia stashahada na miaka mitatu hujashika hesabu. Mahali pa kuanzia ni palepale kwa wote.

## Vitu unavyohitaji

Madaftari mawili. La kwanza ni la mihadhara. La pili, ambalo ndilo muhimu zaidi, tutaliita daftari la makosa, na kazi yake utaiona katika hatua ya pili.

Karatasi nyingi za kuharibu. Ukiwa na urafiki na mtu wa steshenari, atakuachia karatasi zilizochapishwa upande mmoja kwa bei ndogo au bure. Anayeogopa kuharibu karatasi hufanya hesabu kichwani, na kichwani ndiko alama za kutoa zinakopotelea.

Kikokotoo cha kisayansi kinachoruhusiwa na chuo chako. Uliza mapema, kwa sababu vyuo vingi haviruhusu vile vinavyoweza kuhifadhi programu.

Kitabu kimoja. Si vitano. Kama hakuna kilichopangwa na mhadhiri, pakua *Calculus Volume 1* cha OpenStax, mradi wa chuo kikuu cha Rice kule Texas. Kinatolewa bure kihalali, kinaanza na funksheni (kanuni inayoipa kila x jibu moja) na grafu, kinapita kwenye limiti na derivativu hadi integrali, na majibu ya maswali yenye namba witiri yapo nyuma ya kitabu.

Mitihani iliyopita ya somo hilohilo, ya miaka mitatu au minne, ikiwa mitupu bila majibu. Madesa, yaani karatasi za kusomea wanazopeana wanafunzi, yenye majibu yaliyoandikwa kwa mkono na mtu usiyemjua yaache, kwa kuwa kosa lililomo ndani yake hutaligundua ila siku ya mtihani.

Programu ya GeoGebra kwenye simu. Ni ya bure, na ikishapakuliwa huchora grafu hata bila bando.

Saa nane kwa wiki nje ya mihadhara. Ukizigawa katika siku nne au tano zitakufaa kuliko kuzilundika zote Jumapili.

## Hatua ya 1: Pima aljebra yako kabla ya wiki ya pili

Keti dakika 30, bila kikokotoo na bila daftari, ufanye maswali haya saba.

1. Fungua mabano: (x + h)³.
2. Rahisisha: 1/(x + h) − 1/x.
3. Andika √x na 1/x² kwa kutumia vipeo.
4. Tafuta x: x² − 5x + 6 = 0.
5. Taja sin 30°, kisha ubadili 30° kuwa radiani (kipimo kingine cha pembe).
6. Rahisisha ln(x³), x ikiwa kubwa kuliko 0.
7. Ikiwa f(x) = x² − 3x, andika f(x + h).

Majibu kwa mfuatano: x³ + 3x²h + 3xh² + h³, −h/[x(x + h)], x^(1/2) na x^(−2), 2 na 3, 1/2 na π/6, 3 ln x, x² + 2xh + h² − 3x − 3h.

Ukipata sita au saba, endelea. Ukipata pungufu ya tano, usijidanganye kwamba utajifunza njiani. Tenga wiki nzima urudie vipeo, sehemu zenye herufi, kufungua mabano na trigonometria ya msingi, huku ukiendelea kuhudhuria mihadhara. Wiki hiyo itakuuma, lakini ni nafuu kuliko sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Sababu ya kulishikilia jambo hili ni kwamba swali la kalkulasi lina mstari mmoja au miwili ya kalkulasi, na mistari mitano ya aljebra inayofuata. Mwanafunzi anaifanya ile miwili vizuri kabisa, kisha anaandika kwamba √(x² + 9) ni sawa na x + 3, na swali linaishia hapo.

Tahadhari. Makosa matatu yafuatayo ndiyo ninayoyakuta mara nyingi kuliko yote. La kwanza ni hilo la kipeuo. Jaribu x = 4: upande mmoja unapata √25, yaani 5, upande wa pili 7. La pili ni kuandika 1/(a + b) kuwa 1/a + 1/b. Weka 1 na 1, utapata nusu dhidi ya 2. La tatu ni kufuta 6 kwenye (x + 6)/6 na kubaki na x; weka x = 6, utaona jibu ni 2, si 6. Ukiwa na shaka na hatua yoyote ya aljebra, weka namba ndogo pande zote mbili. Zikikataa kulingana, hatua hiyo haipo. Zikilingana kwa namba moja, jaribu nyingine ya pili kabla ya kuamini.

Utajua umeivuka hatua hii siku utakapofanya swali la pili, lile la sehemu mbili, bila kusimama kufikiri.

## Hatua ya 2: Jifunze kufanya swali, si kulisoma

Nimewahi kufuatwa na binti wa mwaka wa kwanza mwenye daftari lililopangika kuliko langu: kurasa zaidi ya 60, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mifano yote ya mhadhiri imenakiliwa bila doa. Nikamwomba afunge daftari na anifanyie mfano wa kwanza wa ukurasa wa kwanza. Alikaa na kalamu mkononi, akaandika "f(x) =", akasita. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa amesoma mfano ule mara nne, na kila mara jicho lilikubaliana na kila mstari. Ila jicho kukubali mstari ulioandikwa na mtu mwingine ni kazi tofauti kabisa na mkono kuuzaa mstari huo.

Kwa hiyo fanya hivi kwa kila mfano. Soma swali, kisha funika suluhisho kwa karatasi. Jaribu kwa dakika 10 kwenye karatasi ya kuharibu. Ukikwama, shusha karatasi mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Ukimaliza, subiri siku inayofuata na ulirudie swali lote bila kufunua kitu.

Kosa lolote ulilofanya liingie kwenye daftari la makosa kwa mistari mitatu: nilichoandika, kilichotakiwa, na kwa nini nilikosea. Huo mstari wa tatu usiujaze neno "uzembe". Andika, kwa mfano, "nilisahau kwamba alama ya kutoa inaingia kwenye mabano yote." Baada ya wiki nne utagundua kwamba makosa yako hayazidi matano au sita, yanajirudia tu kwa sura tofauti.

Tahadhari. Siku hizi simu inapiga picha swali na kutoa suluhisho kamili. Itumie kukagua jibu baada ya kumaliza, kamwe si kabla, kwa sababu itakurudisha palepale alipokuwa yule binti.

## Hatua ya 3: Limiti

Hapa si pa kukaa muda mrefu. Limiti inauliza f(x) inakaribia namba gani x inapoikaribia namba fulani, bila kujali kama inafika. Chukua (x² − 9)/(x − 3), x inapokaribia 3. Ukiweka 3 moja kwa moja unapata 0/0, ambayo si jibu bali ni ishara kwamba kuna kazi ya aljebra haijafanyika. Vunja sehemu ya juu kuwa (x − 3)(x + 3), futa kinachofanana, ubaki na x + 3, na jibu ni 6.

Endelea kuandika neno "lim" katika kila mstari hadi pale unapoweka namba. Wasahihishaji wengi hukata alama kwa kuliacha mapema, na wana haki, kwa sababu bila neno hilo mstari wako unadai kitu kisicho kweli.

Tahadhari ya kikokotoo. Utaambiwa kwamba sin x / x hukaribia 1 x inapokaribia 0. Ukijaribu x = 0.01 na kikokotoo kikakupa takriban 0.01745, hujavumbua kitu kipya. Kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Kibadili kiwe kwenye radiani, utapata 0.99998. Katika kalkulasi pembe ni radiani isipokuwa swali liseme vingine, na herufi ndogo D au R iliyo juu ya kioo inastahili kuangaliwa kila unapowasha.

## Hatua ya 4: Derivativu, maana kwanza na kanuni baadaye

Derivativu ni mwinamo wa grafu mahali pamoja, yaani kasi ambayo y inabadilika x inaposogea kidogo sana. Kabla ya kugusa kanuni za mkato, fanya angalau funksheni tano kwa njia ndefu. Chukua f(x) = x² − 3x ya hatua ya kwanza. Ukitoa f(x) kwenye f(x + h), h ikiwa ule msogeo mdogo wa x, unabaki na 2xh + h² − 3h. Gawanya kwa h, unapata 2x + h − 3. Acha h iende 0: jibu ni 2x − 3.

Kuna sababu mbili za kupitia njia hiyo. Kwanza, karibu kila jaribio la kwanza huwa na swali linalotaka njia ndefu kwa jina, na anayeruka moja kwa moja kwenye jibu hapati kitu. Pili, mkono ukishazoea h, hutaiona derivativu kama mchezo wa kushusha vipeo.

Baada ya hapo kanuni za kuzidisha na kugawanya zinakaririka kwa siku mbili. Inayowaua watu ni kanuni ya mnyororo, inayotumika pale funksheni moja inapokuwa ndani ya nyingine. Iseme hivi kila mara: derivativu ya nje, ya ndani ikiachwa ilivyo, zidisha kwa derivativu ya ndani. Kwa (3x² + 1)⁵, ya nje inatoa 5(3x² + 1)⁴, ya ndani inatoa 6x, na jibu ni 30x(3x² + 1)⁴.

Ukitaka kujithibitishia kwamba ile 6x si pambo, jaribu kitu rahisi kama (2x)³. Ukikifungua kwanza ni 8x³, na derivativu yake ni 24x². Kwa kanuni ya mnyororo, 3(2x)² × 2 inatoa 24x² hiyohiyo. Ukisahau ile 2 ya mwisho unapata 12x², nusu ya jibu, na hakuna mhadhiri atakayekupa nusu ya alama kwa hilo.

Kipimo cha kutosha: derivativu 20 zilizochanganywa, ndani ya dakika 30, kwa makosa yasiyozidi mawili.

## Hatua ya 5: Eleza kwa Kiswahili

Hatua hii haimo kwenye vitabu, na kwangu ndiyo inayotenganisha anayekariri na anayejua. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kuisema fasili ya derivativu kama shairi la shule ya msingi bila kuwa na picha yoyote kichwani. Mwambie akueleze kwa Kiswahili, na papo hapo utajua.

Kila mwisho wa wiki, mweleze mwenzako dhana moja kwa Kiswahili cha kawaida, bila kusoma. Kwa nini derivativu ni 0 kileleni mwa kilima? "Kwa sababu ukipanda mwinamo ni chanya, ukishuka ni hasi, na pale juu, kabla hujaanza kushuka, kuna mahali ambapo hupandi wala hushuki." Aliyeweza kusema hivyo hatasahau. Na akiwa ameelewa, ataona mwenyewe kwamba bondeni pia mwinamo ni 0, hivyo kupata 0 peke yake hakutoshi kudai umefika kileleni.

## Hatua ya 6: Maswali ya maneno

Hapa ndipo alama nyingi zinapolala. Utaratibu ni uleule kila mara: chora, taja herufi zako na vipimo vyake, andika mlinganyo unaounganisha vitu, tafuta derivativu, *kisha* weka namba. Neno "kisha" nimelikazia kwa makusudi.

Tuseme ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, na sehemu ya chini inateleza kuondoka ukutani kwa mita 0.5 kwa sekunde. Sehemu ya juu inashuka kwa kasi gani chini ikiwa mita 3 kutoka ukutani? Umbali wa chini uite x, urefu wa juu y. Pythagoras anatupa x² + y² = 25. Derivativu kwa muda t, kwa kanuni ya mnyororo (dx/dt ni kasi ya x kubadilika, dy/dt ya y): 2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0. Sasa weka x = 3, ambapo y ni 4, na dx/dt = 0.5. Unapata dy/dt = −0.375, yaani inashuka kwa sentimita 37.5 kwa sekunde.

Mwanafunzi mwenye haraka huweka 3 kabla ya derivativu. Ile 3 haibadiliki, derivativu yake ni 0, na ngazi inagoma kuteleza. Namba inayoelezea sekunde moja tu isiwekwe kabla ya wakati wake.

Aina ya pili ni ya kutafuta kikubwa au kidogo zaidi. Fundi bati ana kipande cha mraba cha sentimita 60 kwa 60. Anakata mraba wa x kila pembe na kukunja kingo ziwe boksi lisilo na mfuniko. Ujazo ni V = x(60 − 2x)². Derivativu yake, ikishavunjwavunjwa, ni (60 − 2x)(60 − 6x). Inakuwa 0 kwa x = 30 au x = 10. Kwa 30 fundi amekata bati lote na hana boksi, kwa hiyo ni 10, na ujazo ni sentimita za ujazo 16,000. Usiishie kwenye x = 10 iwapo swali limeuliza ujazo; kosa hilo nalikuta kila mwaka, na kwa wanafunzi wazuri.

Dalili kwamba umeiva ni kuweza kuandika mlinganyo wa kwanza wa swali usilowahi kuliona ndani ya dakika tano, hata kama hujalimaliza.

## Hatua ya 7: Integrali

Integrali hurudisha nyuma kazi ya derivativu, na pia hupima eneo chini ya grafu. Uzuri wake ni kwamba hakuna sababu ya kutoka kwenye chumba cha mtihani bila kujua kama umepata: tafuta derivativu ya jibu lako, ikirudi kwenye swali, umepata.

Jaribu ∫ 2x(x² + 1)³ dx, ambapo ∫ ni alama ya integrali. Chukua u = x² + 1, hivyo du ni 2x dx, na swali linageuka kuwa ∫ u³ du. Jibu ni (x² + 1)⁴/4 + C, C ikiwa namba yoyote isiyobadilika. Likague kwa kanuni ya mnyororo, utaona 2x ikirudi mahali pake.

Tahadhari. Usisahau C kwenye integrali isiyo na mipaka, yaani isiyotaja x inaanzia wapi na kuishia wapi. Kanuni ya kuongeza kipeo kwa 1 na kugawanya kwa kipeo kipya haifanyi kazi kwa 1/x, ambayo integrali yake ni ln|x| + C. Na swali likisema "eneo", chora kwanza: integrali ya x³ kutoka −1 hadi 1 ni 0, ilhali eneo lenyewe ni 1/2, kwa sababu sehemu iliyo chini ya mhimili huhesabiwa kuwa hasi na kuifuta ile ya juu.

## Hatua ya 8: Wiki tatu kabla ya mtihani

Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Kenya mara nyingi ni 30 na 70. Kwa vyovyote vile, jaribio la kwanza lililoharibika bado linafidika, mradi usingoje wiki ya mwisho.

Fanya mtihani mmoja uliopita kila wiki, kwa saa zilezile, simu ikiwa chumba kingine. Sahihisha kwa ukali. Kisha usikimbilie mtihani mwingine; rudi kwenye daftari la makosa na ufanye maswali matano ya kila aina uliyokosa. Wanaofanya mitihani kumi kwa wiki moja bila kusahihisha wanajizoeza makosa yao.

## Hatua ya 9: Ndani ya chumba cha mtihani

Soma karatasi yote kwa dakika tano, uweke alama kwenye maswali unayoyajua, uanze na hayo. Onyesha kila hatua hata kama jibu unaliona, kwa kuwa mhadhiri hutoa alama kwa njia, na kikokotoo hakiandiki njia. Ukikwama kwa dakika nane, acha nafasi na usonge mbele.

Acha dakika 10 za mwisho kwa ukaguzi wa mambo manne tu: C ipo, alama za kutoa zimeingia kwenye mabano, kikokotoo kilikuwa kwenye radiani, na swali limejibiwa kile lilichouliza. Kisha hesabu kurasa za kijitabu chako kabla ya kukikabidhi, maana ukurasa wa nyuma ulioachwa wazi mara nyingi ndio uliokuwa na sehemu (c).